Bibi Moses, Mchoraji wa Mashamba

Anna Mary Robertson alizaliwa tarehe 7 Septemba 1860 huko Greenwich, jimbo la New York, Marekani, akiwa mmoja wa watoto kumi wa mkulima. Baba yake alikuwa na desturi ya kuwanunulia watoto karatasi za kuchorea. Rangi ilipokosekana, binti huyo alitumia maji ya zabibu. Alisoma shule kidogo tu. Alipotimiza miaka 12 alikwenda kutumika katika nyumba za watu.

Mwaka 1887 aliolewa na Thomas Moses. Walilima Virginia kwa karibu miaka 20, kisha mwaka 1905 wakarejea New York na kukaa Eagle Bridge. Alizaa watoto kumi. Watano walifariki wangali wachanga. Katika miaka hiyo ya kazi nyingi hakupata wasaa wa kuchora, ila macho yake hayakupumzika.

Mumewe alifariki mwaka 1927. Mjane huyo akawa anadarizi picha kwa nyuzi za sufu, hata baridi yabisi ikamzuia kushika sindano. Ndipo, akiwa amekwisha kupita miaka 75, alipogeukia brashi.

Wanachuo na wautazame utaratibu wake. Kwanza alikipaka kibao rangi nyeupe mara tatu. Kisha alichora kutoka juu kwenda chini: mbingu, milima, miti, nyumba, mifugo, na mwisho watu. Mandhari aliitoa katika kumbukumbu zake, lakini maumbo ya watu na wanyama mara nyingi aliyanakili kutoka picha alizokata magazetini. Yamkini wengi wetu tungemkaripia mtoto afanyaye hivyo darasani. Hata hivyo, mahali pa kumweka mtu yule, kazi aliyompa na theluji iliyomzunguka vilikuwa vyake mwenyewe. Kunakili picha nzima ni jambo jingine kabisa.

Mwaka 1938 mkusanyaji wa picha, Louis Caldor, aliona kazi zake katika dirisha la duka la dawa mjini Hoosick Falls, zikiuzwa kwa dola chache tu, akazinunua. Mwaka 1940 Otto Kallir alimfanyia maonyesho ya peke yake mjini New York, na mwaka 1949 Rais Truman alimtunukia tuzo. Bibi Moses alifariki tarehe 13 Desemba 1961, mwenye umri wa miaka 101, akiwa ameacha picha zaidi ya 1,500.