Xenophon, mukubwa aliyeshuka juu ya farasi

Leo tunaleta maisha ya mutu wa zamani sana: Xenophon wa mji wa Athene, inchi ya Ugiriki. Alizaliwa karibu mwaka 430 mbele ya Yesu, katika jamaa ya watu wenye mali na farasi. Katika ujana alikuwa mwanafunzi wa Socrates.

Mwaka 401 alienda pamoja na askari Wagiriki zaidi ya 10.000. Aliyewakodisha ni Cyrus, mutoto wa mfalme wa Uajemi, juu alitaka kumuondoa ndugu yake kwenye kiti. Walipigana pale Cunaxa, karibu na Babeli, na Cyrus akauawa. Kisha wakubwa wa Wagiriki waliitwa kwenye mazungumzo, kumbe ni mutego: wakakamatwa, wakauawa. Askari wakabaki katika inchi ya watu, bila mushahara, bila kiongozi.

Siye watu wa sendika tunapenda kipande hiki. Hawakungoja mukubwa atoke mbali. Usiku ule ule maofisa waliobaki walikutana, wakachagua viongozi wapya, na Xenophon alikuwa mumoja wao. Asubuhi askari wote wakakusanyika, wakapitisha mambo kwa kuinua mikono.

Siku moja walikimbizana na adui kuwahi juu ya mulima. Xenophon alikuwa juu ya farasi, akiwatia watu nguvu. Askari mumoja, Soteridas, akalalamika: yeye anachoka na ngao nzito, mukubwa amekaa juu ya farasi. Xenophon akashuka, akamusukuma nje ya mustari, akamunyanganya ile ngao, akapanda nayo kwa miguu, na mavazi yake ya chuma yalimulemea. Njo wenzake Soteridas wakamupiga na kumutukana mpaka akarudisha ngao mukononi mwake. Kule juu walifika wa kwanza. Walivuka milima ya Armenia katika teluji, na wengi walifika baharini wazima.

Nyuma Athene ilimufukuza. Watu wa Sparta wakamupa shamba pale Scillus, karibu na Olympia. Kila mwaka, kwa sikukuu ya Artemis, watoto wake na vijana wengine waliwinda nguruwe wa pori na swala. Alimuandika pia farasi, namna ya kumuchagua na kumufundisha, na kazi hiyo ingali inasomwa mpaka leo.

Muone farasi mwenye woga siku ya kwanza ya kuwinda. Imbwa wanabweka, watu wanalalamika, nyama anatoka gafla katika majani. Farasi anashituka, anaruka pembeni. Wakati ule hakukuwa vyuma vya kukanyagia miguu, mutu anaanguka mara moja. Wengi wangechukua fimbo. Xenophon alikataza kumushika farasi kwa hasira. Alieleza sababu: farasi akipigwa mbele ya kitu anachoogopa, anafikiri kile kitu njo kinamuletea maumivu. Woga unazidi.

Afazali kuanza mapema. Mutunza farasi amupitishe katikati ya watu wengi, fasi ya makelele na vitu vya kila namna. Akikataa kukaribia kitu, mutu mwenyewe akiguse kwanza, kisha amusogeze polepole. Kwenye mufereji, mutu avuke mbele akishika kamba. Mifereji midogo kwanza, mikubwa nyuma. Tuseme ukweli: farasi akigoma kuruka, Xenophon alikubali mutu wa nyuma amupige. Lakini woga hauponywi na fimbo. Farasi akizoea, inchi ikiwa na vilima na nyama, kuwinda kunakuwa masomo mazuri kwake na kwa mwenye kumupanda.

Uzee wake ulikuwa na machozi. Mutoto wake Gryllus alikufa mwaka 362 katika vita ya Mantinea, kati ya askari wa farasi. Yeye mwenyewe alikufa karibu mwaka 354.

Juu ya nini tunaleta habari hii kwa watu wa shimo? Juu tumeona kijana mupya anashuka mara ya kwanza. Giza, moshi, mulio wa dinamiti. Anasimama, miguu inakataa. Kapita anamulalamikia, anamusukuma. Kesho yake kijana anaogopa shimo na anaogopa kapita, na mutu mwenye kuogopa kapita hasemi akiona jiwe la juu limepasuka. Anyamaze, wote wanakufa.

Kapita muzuri anapita mbele. Anagonga jiwe la juu kwa mukono wake, kijana anasikia sauti yake, kisha anaitwa asogee. Hiyo haiombi franga hata moja. Tuiombe kwenye kila ekipe, na siye wazee wa kazi tuianze wenyewe.