Claudio Monteverdi (1567–1643): Neno na Sauti katika Madrigali

Makala haya mafupi yanaeleza maisha ya Claudio Monteverdi, mtunzi wa muziki wa Italia, kwa kuzingatia swali moja: katika ushairi unaoimbwa, je, neno huifuata sauti au sauti hulifuata neno?

Madrigali ya karne ya 16 ilikuwa shairi fupi la Kiitaliano, aghalabu la mapenzi. Mishororo yake ilikuwa ya mizani 7 na 11, iliyochanganywa kwa hiari ya mshairi, na vina havikuwa na mpangilio wa kudumu. Msomaji aliyezoea mizani 16 za mshororo wa shairi la Kiswahili atautambua mara moja uhuru huo. Jina hilohilo liliuhusu pia muziki wa shairi hilo, uliotungwa mara nyingi kwa sauti tano. Kwa kuwa muziki haukurudiwa ubeti kwa ubeti, mtunzi aliweza kulifuata kila neno.

Monteverdi alibatizwa Cremona tarehe 15 Mei 1567. Alifundishwa na Marc'Antonio Ingegneri, msimamizi wa muziki wa kanisa kuu la mji huo, na mwaka 1587 alichapisha kitabu chake cha kwanza cha madrigali. Mwanzoni mwa miaka ya 1590 aliajiriwa Mantova na mtawala Vincenzo Gonzaga, akiwa mpigaji wa ala za nyuzi.

Mwaka 1600 Giovanni Maria Artusi, mwanazuoni wa Bologna, alizishutumu baadhi ya tungo zake bila kumtaja jina. Mojawapo ilikuwa Cruda Amarilli, yenye maneno ya Giovanni Battista Guarini. Kosa lililodaiwa ni kwamba sauti zinazokwaruzana ziliingizwa ghafla, kinyume cha kanuni. Hata hivyo, Artusi alichapa vipande vya muziki huo bila maneno yake. Hakuonyesha kuwa mkwaruzo mmojawapo uliangukia pale mpenzi anapotoa kilio cha majonzi.

Monteverdi hakuuficha utungo huo. Aliutanguliza katika kitabu chake cha tano (1605). Mwaka 1607 nduguye, Giulio Cesare, alifafanua msimamo wake kuwa neno ndilo linalotawala upatanifu wa sauti. Kitabu cha nadharia alichoahidi Monteverdi mwenyewe hakikutoka kamwe.

Mwaka huohuo wa 1607 mkewe Claudia, aliyekuwa mwimbaji, alifariki. Mwaka 1612, baada ya kifo cha Vincenzo, Monteverdi aliachishwa kazi. Mwaka uliofuata akateuliwa kusimamia muziki wa kanisa la San Marco, Venezia. Katika kitabu cha sita (1614) aliyapanga kwa sauti tano maombolezo ya Arianna, mwanamke aliyetelekezwa na mpenziwe, kutoka katika opera yake ya mwaka 1608. Baada ya tauni ya 1630–1631 alipewa upadre (1632). Kitabu cha nane (1638) kina masimulizi ya Torquato Tasso kuhusu pambano, ambamo nota zinazorudiwa kwa kasi zinaashiria hasira. Alifariki tarehe 29 Novemba 1643.

Kwa ufupi, mgogoro huo ulikuwa pia wa mbinu ya uchambuzi. Artusi aliijua kanuni barabara, lakini aliitenga sauti na maana yake, kisha akaihukumu. Mchambuzi wa ushairi wa kuimbwa, wa lugha yoyote, hana budi kujihadhari na kosa hilo.