Gandhi na Lugha ya Wanyonge

Aghalabu Mohandas Karamchand Gandhi anapotajwa, watu hukumbuka shuka yake nyeupe na mapambano yake yasiyomwaga damu. Ni wachache wanaokumbuka kwamba alipambana na mkoloni katika uwanja wa lugha pia.

Gandhi alizaliwa Porbandar, Gujarat, tarehe 2 Oktoba 1869. Alisomea sheria London, na mwaka 1893 akaenda Afrika Kusini, alikowatetea Wahindi wenzake kwa takriban miaka 21. Mwaka 1909, akiwa melini akitoka Uingereza, aliandika Hind Swaraj, kitabu kuhusu kujitawala. Wakili huyu aliyekimudu barabara Kiingereza cha mahakamani alikiandika kwa Kigujarati. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilikipiga marufuku nchini India.

Aliporejea nyumbani mwaka 1915, alikikuta chama cha Congress kikiwa baraza la mawakili na wasomi waliojadili uhuru kwa Kiingereza, lugha ambayo mkulima hakuifahamu. Mwaka 1916, katika sherehe za kuasisi chuo kikuu mjini Benares, yeye mwenyewe akilazimika kuhutubia kwa Kiingereza, aliwaambia wasomi kwamba hiyo ilikuwa aibu. Mwaka 1920, kwa ushawishi wake, Congress ilipanga upya matawi yake ya majimbo kwa kufuata lugha za wenyeji badala ya mipaka ya mkoloni. Hivyo chama kikafika vijijini. Mwaka 1930, alipotembea kutoka Ahmedabad hadi Dandi kupinga kodi ya chumvi, aliwahutubia wanavijiji kwa Kigujarati, lugha yao na yake.

Hata hivyo, hakufaulu katika yote. Alitaka Kihindustani kiwe lugha ya taifa, kiandikwe kwa hati za Devanagari na za Urdu, ili Wahindu na Waislamu wasitengane. Nchi iligawanyika Agosti 1947, naye akauawa kwa risasi tarehe 30 Januari 1948. Mwaka 1949 Bunge la Katiba liliteua Kihindi kwa hati ya Devanagari, na Kiingereza kikapewa muhula wa miaka 15. Muhula huo uliisha zamani, lakini Kiingereza kingali kinatamalaki ofisini na mahakamani.

Nasi Wakenya tusiwacheke Wahindi. Katiba yetu ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, ilhali miswada ya sheria ingali huandikwa kwa Kiingereza. Je, ni lini mwananchi wa kawaida ataisoma na kuielewa sheria inayomhukumu?