David Sheldrick: Mlinzi wa Tsavo aliyekataa ndovu wapunguzwe kwa risasi

Mbuga ya Kitaifa ya Tsavo ilipoanzishwa mwaka 1948, David Sheldrick alikabidhiwa upande wake wa mashariki, nyika kame isiyo na barabara. Mzaliwa huyo wa Alexandria, Misri, mwaka 1919, alikuwa ameletwa Kenya akiwa mtoto. Aliisimamia Tsavo Mashariki hadi 1976.

Miaka ya 1950 aliwaandama wawindaji haramu, akawashinda. Ushindi huo ukazaa tatizo jingine: ndovu waliongezeka, na wengine wakakimbilia mbugani kutoka nje. Waliangusha miti na kubambua mibuyu. Msitu ukageuka nyasi.

Mtaalamu Mwingereza, Richard Laws, alifika kuwachunguza. Ndovu 300 waliuawa mwaka 1966 kwa uchunguzi huo, naye akapendekeza maelfu zaidi wapigwe risasi kabla chakula hakijaisha. Sheldrick alipinga. Aliamini kwamba ardhi yenyewe ingeamua ni ndovu wangapi inaoweza kuwalisha, na kwamba nyasi zingewafaa nyati, punda milia na choroa. Mzozo ulikuwa mkali. Laws akaondoka mwaka 1968.

Jibu lilikuja kwa ukame wa 1970 na 1971. Takriban ndovu 6,000 walikufa, na ajabu ni kuwa wengi hawakufa kwa kiu. Maji yalikuwapo mitoni. Majike wenye watoto, wasioweza kwenda mbali na maji, walimaliza kila jani lililokuwa karibu, kisha wakadhoofika kwa njaa kando ya mto. Madume, waliotembea mbali zaidi, wengi walinusurika. Kwa kuwa waliokufa hasa walikuwa mama na ndama, na mimba ya ndovu huchukua miezi 22, pengo hilo halingezibika upesi.

Mjadala haukuisha hapo. Waliomuunga mkono waliona vichaka vikichipuka upya. Wapinzani wake walihesabu mizoga. Ukweli ni kwamba jaribio lake halikupata nafasi ya kukamilika, maana bei ya pembe ilipopanda katika miaka ya 1970, majangili walirudi na kuua maelfu wengine.

Sheldrick alihamishiwa Nairobi mwishoni mwa 1976 kuongoza kitengo cha mipango katika idara ya wanyamapori. Alifariki kwa mshtuko wa moyo Juni 1977. Sensa ya 2021 ilihesabu takriban ndovu 15,000 katika eneo zima la Tsavo.