Mwalimu Nyerere na Shinikizo la Nje

Hapa chuoni, kwenye vimbweta, kuna mjadala hauishi: je, nchi za nje zina haki ya kuibana serikali inayokandamiza watu wake? Wengi husema hapana, kila mtu na nyumba yake. Mimi, mwanafunzi wa ualimu niliyekulia Bariadi, huwa najibu kwa maisha ya mwalimu mmoja, Julius Kambarage Nyerere.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, akasoma Makerere na Edinburgh, akafundisha Pugu. TANU ilizaliwa Julai 1954, na kabla mwaka haujaisha Mwingereza akaipiga marufuku kwetu Usukumani, marufuku iliyodumu hadi 1958. Mwalimu akafanyaje? Machi 1955 alikwenda New York, kwenye Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, kuomba dunia imbane mtawala akubali kwamba Tanganyika itajitawala. Aliporudi akaacha kazi ya kufundisha. Kwa hiyo hata uhuru wetu ulihitaji sauti ya nje, ingawa nguvu ilitoka ndani, wakiwemo wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa.

Mlango ule hakuufunga baada ya kupita. Juni 1959 alisimama London pamoja na padri Trevor Huddleston, akiwataka Waingereza wasinunue bidhaa za Afrika Kusini. Mwaka 1961, hata kabla ya uhuru, alitamka kwamba Tanganyika haitaingia Jumuiya ya Madola kama makaburu wamo. Mwaka huohuo Afrika Kusini ikatoka. Disemba 1965 akavunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, na Uingereza ikazuia mkopo wa pauni milioni 7.5. Nchi maskini ikabeba hasara hiyo.

Lakini tusidanganyane, shinikizo lina maumivu. Julai 1996 Pierre Buyoya alipindua serikali Burundi. Mwalimu ndiye alikuwa msuluhishi, na viongozi wa ukanda wetu walikutana Arusha wakaiwekea nchi ile vikwazo. Vilichangia kuisogeza serikali kwenye mazungumzo, ila bei za vitu zilipanda na aliyeumia zaidi ni mwananchi wa kawaida. Vikasimamishwa Januari 1999. Mwalimu alifariki Oktoba mwaka huo, na mkataba wa amani ukasainiwa Arusha Agosti 2000.

Wanaonipinga hunikumbusha ya nyumbani, na hapo wana hoja. Sheria ya 1962 ya kuweka watu kizuizini bila kesi ilitumika chini ya Mwalimu huyuhuyu. Operesheni Vijiji iliwahamisha watu kwa nguvu. Na miaka ya 1970, wakati Bariadi bado iko mkoa wa Shinyanga, watuhumiwa wa mauaji waliteswa mikononi mwa vyombo vya dola na wengine wakafa. Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akajiuzulu ili kuwajibika.

Mimi sioni kwamba makosa hayo yanafuta hoja. Yanaiwekea masharti. Kwanza, shinikizo liitwe na wanaoonewa wenyewe, kama TANU ilivyofanya mwaka 1955 na kama wapigania uhuru wa kusini walivyofanya. Pili, anayebana awe tayari kupata hasara, asitume maskini wa nchi nyingine walipe peke yao. Tatu, akubali na yeye kuulizwa ya kwake.

Sharti la tatu ndilo gumu, na ndilo linalotuhusu sisi tutakaokuwa walimu Maswa, Meatu, Itilima na kwingineko. Mtoto wa darasani akishafundishwa kwamba tulikuwa sahihi kuwabana makaburu, siku moja atauliza kwa nini sisi tusiulizwe. Ajibiwe, asiambiwe akae chini.