Imamu Shafii: Yatima aliyesoma bila kulipa ada

Muhammad bin Idris al-Shafii alizaliwa Gaza mwaka 767, akalelewa Makka na mama yake mjane. Wasimulizi wa maisha yake hueleza kuwa mama huyo hakuwa na fedha za kumlipa mwalimu wa Kurani. Mwalimu akaridhika kijana awafundishe wenzake kila yeye anapotoka.

Shafii alifariki Misri mwaka 820. Madhehebu yake, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, humruhusu mwalimu kupokea ujira wa kufundisha Kurani, ujira ambao Abu Hanifa aliukataza.

Kwa wazazi na walimu wa Batsinda, Kigali, hukumu hiyo haitengani na utoto ule: mwalimu anastahili ujira wake, lakini ufukara wa mzazi usimfungie mtoto mlango wa chuo.