Daktari Walter Dandy na uvimbe wa mshipa wa damu kichwani

Mama, huenda unamtunza bibi au babu aliyepimwa kichwa kwa CT au MRI baada ya kuanguka, na majibu yakarudi na jambo ambalo hakuna aliyekuwa akilitafuta: mshipa mmoja wa damu kwenye ubongo umetuna, kama mpira wa baiskeli uliodhoofika mahali pamoja. Madaktari huuita uvimbe huo aneurizimu. (Kwetu Tanga ukisema mzee ana mshipa, watu wataelewa ngiri au busha. Ukiwaeleza ndugu, sema mshipa wa damu wa kichwani.) Haujapasuka, na mwenyewe hahisi kitu. Swali la kwanza nyumbani huwa: je, atafanyiwa upasuaji?

Swali hilo tunaweza kuuliza leo kwa sababu ya mtu mmoja, Walter Dandy. Alizaliwa tarehe 6 Aprili 1886 huko Sedalia, Missouri, Marekani, kwa wazazi waliohamia kutoka Uingereza na Ireland. Baba yake alifanya kazi ya reli, kama wazee wengi wa Tanga walivyofanya. Mwaka 1910 alihitimu udaktari katika chuo cha Johns Hopkins, mjini Baltimore, na hapo ndipo alipofanya kazi hadi kufa kwake.

Mwalimu wake wa mwanzo alikuwa Harvey Cushing, bingwa mkubwa wa upasuaji wa ubongo. Hawakupatana. Cushing alipohamia Boston mwaka 1912 hakumchukua Dandy, na uhasama wao ulidumu miaka mingi. Dandy alikuwa mwepesi wa hasira chumbani mwa upasuaji, lakini alikuwa na jicho la kuona pale wengine walipokata tamaa. Akiwa na daktari wa watoto Kenneth Blackfan, alionyesha jinsi maji ya ubongo yanavyozalishwa na yanavyoziba njia kwa watoto wenye vichwa vikubwa. Mwaka 1918 akagundua namna ya kuingiza hewa ndani ya ubongo ili picha ya eksirei ionyeshe kilichofichika. Njia aliyoijaribu ya kutibu watoto hao kwa kifaa chembamba cha kutazamia ndani ya ubongo ilisahauliwa kwa miaka mingi, kisha ikafufuliwa na kuboreshwa katika hospitali ya CURE huko Mbale, Uganda. Walezi watapenda pia kujua kwamba mwaka 1923 alitenga vitanda 3 ambapo wagonjwa waliotoka kupasuliwa kichwa waliangaliwa na wauguzi usiku na mchana. Wengi huhesabu chumba hicho kuwa mwanzo wa ICU.

Kuhusu aneurizimu, madaktari wa wakati huo walifunga mshipa mkubwa wa shingoni na kuomba heri. Tarehe 23 Machi 1937 Dandy alimpasua mwanamume wa miaka 43 ambaye uvimbe ulikuwa umeubana mshipa wa fahamu wa jicho lake. Aliufikia uvimbe wenyewe, akaubana shingoni mwake kwa kibanio kidogo cha fedha, damu ikaacha kuingia. Mgonjwa akapona. Mwaka 1944 Dandy alitoa kitabu kizima juu ya uvimbe huo. Yeye mwenyewe hakufika uzee: alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 19 Aprili 1946, siku 13 tu baada ya kutimiza miaka 60.

Kibanio bado kinatumika. Tangu miaka ya 1990 ipo pia njia ya kupitisha mrija mwembamba kutoka kwenye paja hadi kichwani na kuujaza uvimbe kwa nyuzi laini za chuma, bila kufungua fuvu. Kwa mgonjwa wa Tanga, kuonana na mabingwa wa upasuaji wa ubongo mara nyingi ni rufaa kutoka Bombo hadi MOI, Muhimbili, safari ya zaidi ya kilomita 300.

Lakini mgonjwa wa Dandy alikuwa na miaka 43, na tayari alikuwa na dalili. Bibi wa miaka 78 ni habari nyingine. Kati ya watu wazima 100, takriban 3 wana uvimbe wa namna hii, na wengi wataishi nao hadi mwisho bila kupasuka. Ukiwa chini ya milimita 7, hatari ya kupasuka kwa mwaka kwa kawaida ni chini ya 1 kati ya 100, ilhali madhara ya upasuaji na dawa ya usingizi huongezeka kadiri umri unavyosonga. Ndiyo maana daktari anaweza kushauri kuusubiri na kuupima tena. Hajamtupa mzee wako. Ukiwa mkubwa, ukikua, au ukibana mshipa wa fahamu, mashauri hubadilika. Muulize una ukubwa gani, uko wapi, na mzee mwenyewe anataka nini.

Nyumbani kazi kubwa ni presha: dawa kila siku hata akijisikia mzima, chumvi kidogo (ng'onda nayo ina chumvi nyingi), na sigara aache kabisa. Akipatwa ghafla na maumivu makali ya kichwa ambayo hajawahi kuyapata, akatapika, shingo ikakakamaa, kope ikaanguka au akazimia, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata iwe usiku wa manane. Usimpe aspirini ya dukani.